Tiba shufaa ya nyumbani, Tanga: nyota nne, ya tano nawadai

Naandika hii maana najua kuna nyumba nyingi Tanga zina mgonjwa ambaye hospitali imeshasema mpelekeni nyumbani, basi, na hawajui kama kuna watu wa tiba shufaa (kumtuliza maumivu na kumtunza mgonjwa ambaye ugonjwa wake hauponi tena) wanakuja mpaka mlangoni kwako. Sisi tulikuwa tunamuuguza shangazi, kansa ya shingo ya kizazi, imeshasambaa. Majina ya manesi na hospitali nayaacha, sijawaomba ruhusa.

Kwanza maumivu, maana mtu akiwa na maumivu mengine yote ni porojo. Wodini tulikotoka (siitaji) alikuwa anapewa panadol, daktari anapita na wanafunzi wake wanaongea juu ya kitanda habari za huyu imeshafika hatua ya nne huyu, na mwenyewe yupo hapo macho anasikia. Hawa wa nyumbani siku ya kwanza nesi kavua viatu, kakaa chini kwenye mkeka, kamwamkia, halafu akamuuliza yeye, sio sisi, panauma wapi kuliko kote. Wakamuanzishia mofini ya maji (dawa kali ya maumivu), chungu hiyo usiombe, kila baada ya masaa 4, na ile ya kulalia wanaizidisha mara mbili ili apitishe mpaka alfajiri. Wakampa pamoja na dawa ya kulainisha choo maana mofini inafunga choo ile mbaya, usipoambiwa mapema utaona dawa ndo inamuua. Baba mkubwa akapinga, mtamgeuza dada yangu teja nyie. Nesi akamwambia mzee, mtu mwenye maumivu ya kansa akipewa kwa kipimo ni nadra kugeuka teja, na Uganda wanawapa watu majumbani tangu 1993 Dr Anne Merriman alipoanzisha Hospice Africa, shirika la tiba shufaa. Mzee akanyamaza. Usiku ule shangazi kalala, na sisi wote tukalala.

Sasa chakula, hapo ndo palikuwa na vita. Sisi tulikuwa tunamshindilia uji wa lishe kijiko baada ya kijiko, anatapika, tunaanza upya, maana kwetu mgonjwa asipokula watu wanasema mmemtupa, na kila jirani anaingia na kihotipoti chake anataka aone kimeliwa. Nesi alitukalisha akatuambia mwili ukifika hapo wenyewe unakataa, hafi kwa sababu hali, hali kwa sababu anakufa, na mkimlazimisha kitapita njia siyo kikaingie kwenye mapafu. Tulowanishe tu midomo na kitambaa safi, tupake vaselini, na tumpe anachotaka kwa kiasi anachotaka. Halafu akamgeukia, mama unatamani nini? Shangazi wala hakufikiria: bada (ugali wa muhogo) na mchuzi wa papa.

Papa! Mkavu, chumvi tupu, na mtu ana presha. Nesi akacheka, presha ya nini tena jamani, mpikieni. Binamu yangu akaloweka papa, akakuna nazi, akasonga bada, nyumba nzima inanuka pwani. Shangazi akamega kitonge hata ukubwa wa kunde hakifiki, akachovya, akamung'unya, akakitema kwenye tishu, akatuangalia mmoja mmoja: "Nani kapika hiki? Tui limekatika." Wiki nzima alikuwa hajaongea sentensi ndefu hivyo. Yaani alirudi kuwa shangazi yule yule wa kukosoa sufuria za watu, na kwangu mimi huduma yote thamani yake iko hapo, kwamba alipewa nafasi ya kuwa na kauli ndani ya nyumba yake wakati sisi tulishamgeuza kuwa mdomo wa kulishwa.

Baada ya hapo hadithi zikafunguka. Nesi alitufundisha kitu ambacho naona wengi hatukijui: msimuulize wosia, muulizeni nani alimfundisha kupika. Tukauliza, tukarekodi kwenye simu, akaanza na kambi ya mkonge alikokulia, baba yake yuko korona (mtambo wa kuchakata mkonge, sio ule ugonjwa), mama yake anauza papa mkavu siku ya mshahara. Nilikuja kusoma kwamba Uganda akina mama wenye VVU miaka ya 90 walikuwa wanawaandikia watoto wao vitabu vya kumbukumbu, ukoo umetoka wapi, mtoto alizaliwaje, na picha. Sisi ni sauti tu, tena nyuma kuna jogoo na bodaboda, lakini ipo.

Na hawakupotea alipofariki. Msibani nesi alikuja, akakaa na akina mama, akala ubwabwa. Kwenye hitima watani walifanya yao, mmoja kavaa kanga ya marehemu, kaonja pilau, kakunja uso, "nani kapika hiki?", hata baba mkubwa alicheka huku analia. Baada ya arobaini nesi akapiga simu kumuulizia binamu, maana ndo alikuwa anakesha.

Nyota moja nawanyima kwa ajili ya usiku. Ule mkoromo wa mwisho, mtu anapokata roho, hakuna aliyetuambia kwamba unakuja, tunapiga namba waliyotupa inaita tu, tukabaki tunagombana tumkimbize hospitali au tumwache. Waliomba radhi, sawa, ila huduma ya mtu anayekufa haiwezi kufungwa saa kumi na moja jioni. Na dawa ikiisha lazima ndugu aifuate mjini mwenyewe.

Hela: sisi hawakututoza, tulichangia mafuta ya gari kwa hiari. Waombe rufaa ya tiba shufaa kabla hamjatoka wodini, ukishafika nyumbani kuipata ni kuzungushwa. Na bomba la sindano la kupimia mofini nunua mawili, moja litapotea tu.