Asubuhi Dunga, Mchana Ahero: Safari ya Boti na Shamba la Mpunga

Safari hii haina kampuni moja inayoimiliki. Boti unaikodi ufuoni Dunga, kando ya Ziwa Viktoria huko Kisumu, Kenya, shamba unalipangia Ahero, na gari la kukutoa huku hadi kule unajitafutia mwenyewe au unamwachia mwongozaji akuunganishie kwa bei yake. Ndiyo maana watu wawili wanaweza kwenda wiki ileile na kurudi mjini wakibishana. Sehemu ya majini ni nzuri mno kwa anayeamka mapema. Sehemu ya shamba hutegemea mpunga umefika hatua gani, na hapo ndipo wengi hulipia udongo mkavu.

Tuanze na saa. Ghuba ya Winam ni mkono mwembamba wa Ziwa Viktoria, na upepo wake una ratiba. Usiku na alfajiri huvuma polepole kutoka nchi kavu kwenda ziwani, maji yakatulia. Jua likipanda, ardhi hupata joto kuliko maji, upepo hugeuka, na kufikia saa saba au saa nane mchana mawimbi huwa yanaupiga ufuo wa Kisumu. Mawingu yakijikusanya upande wa milima ya Nandi baada ya hapo, radi haiko mbali. Kwa hiyo boti iondoke saa kumi na mbili na nusu asubuhi, jua linapochomoza, na irudi kabla ya saa tatu. Anayekuuzia safari ya machweo anakuuzia picha nzuri pamoja na mawimbi. Kwa nusu saa karibu na ufuo, sawa. Kwa saa mbili mkiwa na watoto, hapana.

Dunga iko kilomita chache kusini mwa mjini, ukipita hifadhi ya swala ya Kisumu Impala. Alfajiri tuktuk huwa za kutafuta, kwa hiyo mpange dereva jana yake.

Kabla ya kutoa pesa, kagua boti. Usione haya, nahodha mzuri hufurahia mteja anayeuliza. Boti nyingi ni za mbao na mashine yake huning'inia nyuma. Anza na jaketi la kujiokolea: livae, lifunge, kisha mwenzako alivute juu kwenye mabega. Likipanda hadi masikioni, ni kubwa kwako na majini litakuvuka. Bonyeza sponji ya ndani pia. Iliyovunjikavunjika haielei vizuri. Mtoto anahitaji la kwake, lenye mkanda wa kupita katikati ya miguu. Kulifunga la mtu mzima kwa kamba mbili si kumkinga. Maji kidogo chini ya boti ni kawaida na mkebe wa kuyachota uwepo, lakini nahodha akichota kwa bidii kabla hata hamjaondoka, muulize ufa uko wapi. Watu wote wakishakaa, ukingo wa boti ubaki juu ya maji kwa sentimita 30 hivi au zaidi. Ukiona abiria wa mwisho anaongezwa "kwa sababu ni mwembamba", shuka.

Kisha mashine. Ikiwashwa, tazama nyuma yake: pana tundu dogo linalotema maji kwa mchirizi. Mchirizi ule ndio unaoonyesha kwamba maji ya kupoza yanazunguka. Ukiwa na nguvu, vizuri. Ukidondoka matone au ukakatika, mashine itachemka mkiwa katikati ya ghuba. Angalia pia kama ile kamba ya kuzimia mashine imefungwa kwenye mkono wa nahodha au inaning'inia tu kama pambo; akianguka majini bila hiyo kamba, boti inaendelea na safari bila yeye. Na makasia mawili, au pondo refu, yawemo ndani ya boti. Hili halina mjadala, kwa sababu ya gugumaji.

Gugumaji lilianza kuonekana upande wa Kenya wa ziwa karibu na mwaka 1990 na halijaondoka tangu hapo. Huja na kwenda kwa upepo. Unaweza kuondoka Dunga asubuhi maji yakiwa meupe, ukarudi saa nane ukute zulia la majani limesukumwa na upepo wa mchana hadi kwenye gati. Mizizi yake ni mirefu na yenye nyuzi. Hujisokota kwenye rafadha, ile panga inayosukuma boti, na kuziba matundu ya kuvutia maji ya kupoza. Nahodha anayejua kazi hapiti kwa nguvu. Huzima mashine, huiinua, na kusukuma kwa pondo hadi penye uwazi, kisha husafisha rafadha kwa mkono na kuangalia tena ule mchirizi kabla ya kuongeza kasi. Asiyejua hufungua mashine yote, moshi ukatoka, mkabaki mnasubiri boti ya jirani. Kwa hiyo swali la kwanza la kumuuliza ufuoni si bei. Muulize, "Nahodha, gugumaji limelala upande gani leo?" Akijibu bila kugeuka kutazama maji, mwache, tafuta mwingine.

Boti yenyewe iende polepole kando ya mafunjo. Kinamasi cha Dunga ni makao ya ndege wanaoishi kwenye mafunjo na si kwingine. Anayetafutwa zaidi na wapenda ndege ni yule mweusi mwenye kifua chekundu na utosi wa njano, ambaye kwa jina la kisayansi huitwa Laniarius mufumbiri. Utamsikia kabla ya kumwona, kwa kuwa dume na jike huitikiana ndani ya mafunjo. Mpe nahodha dakika kumi za kuzima mashine na kukaa kimya, vinginevyo utaona manyasi tu. Furukombe, mnandi, mdiria na yangeyange hawahitaji subira hiyo.

Kuhusu viboko, msimamo wetu ni huu: anayekuahidi kiboko anakudanganya, na anayekusogeza hadi mita kumi kumpiga picha anakuhatarisha. Hata pale panapoitwa Hippo Point unaweza kukaa asubuhi nzima usione sikio. Wakionekana, boti ibaki mbali, mita 50 au zaidi, na isiingie kati ya kiboko na maji ya kina, kwa sababu huko ndiko anakokimbilia akishtuka. Nauli haihusu kiboko, usidai punguzo.

Bei hupatanwa, na hapo hesabu ya petroli husaidia. Mashine ya nguvu farasi 15 ikifunguliwa yote hula karibu lita tano hadi sita kwa saa. Ikienda mwendo wa kutazama ndege, hula nusu ya hapo au chini. Zidisha kwa bei ya petroli ya siku hiyo, ongeza kazi ya nahodha na msaidizi wake na ada ya ufuo, utajua kama unachoambiwa kina mantiki. Uliza mapema kama bei ni ya boti nzima au ya kila kichwa, na saa inahesabiwa tangu mkikaa au tangu mashine ikiwaka. Ugomvi mwingi wa gatini hutoka hapo.

Samaki agiza kabla ya kupanda boti. Ngege (tilapia) mkubwa huchukua muda kukaanga, na ukisubiri mpaka urudi utakula saa tano. Inua shavu lake utazame: liwe jekundu, jicho liwe limetuna. Uliza pia kama ni wa ziwani, wa vizimba au wa kugandishwa kutoka China. Wote wanauzwa Kisumu, na bei hazipaswi kulingana.

Ahero iko kilomita 25 hivi kwa barabara ya Kericho. Matatu zipo tele, lakini msongamano wa malori na masoko ya kando ya barabara unaweza kufanya mwendo mfupi uwe wa saa nzima. Kiungo cha safari kimelegea hapa. Umetoka kwenye utulivu wa maji, umekula, sasa umebanwa kwenye kiti cha matatu jua la saa nne likikuchoma bega. Wathailand walilimaliza tatizo hili zamani, tena bila kuwaza utalii. Mfereji wa Damnoen Saduak, uliofunguliwa mwaka 1868 kuunganisha mito ya Mae Klong na Tha Chin, unapita katikati ya mashamba ya matunda. Boti hufungwa kwenye ngazi ya mkulima na mgeni hupanda moja kwa moja shambani. Hata gugumaji wanalo, tangu lilipoletwa kutoka Java mwaka 1901. Ila boti zao za mkia mrefu zina rafadha kwenye ncha ya chuma kirefu ambacho nahodha hukiinua juu ya majani na kukishusha mbele. Sisi huku boti na shamba tumevitenganisha kwa lami.

Kuna njia ya kuviunganisha, nayo ni kwenda West Kano badala ya Ahero. Mradi wa umwagiliaji wa West Kano huvuta maji yake ziwani, kwa hiyo mashamba yake yako karibu na ufuo. Lakini kutoka Dunga ni safari ndefu ya majini, na upande wa mlango wa Mto Nyando gugumaji hupenda kujifunga. Inafaa kwa kundi lenye boti yenye mashine ya nguvu, siku ambayo wavuvi wamethibitisha njia iko wazi, na gari likisubiri huko kwa ajili ya kurudi mchana. Kwa familia ya watu wanne, barabara ya Ahero bado ndiyo salama.

Shambani sasa. Mradi wa umwagiliaji wa Ahero ulianza mwaka 1969. Maji husukumwa kwa pampu za umeme kutoka Mto Nyando, kisha hushuka kwa mifereji hadi kwenye majaruba, yaani vipande vya shamba vilivyozungushiwa matuta. Ziara nzuri hufuata njia hiyohiyo ya maji: mto, pampu, mfereji mkuu, mfereji mdogo, jaruba, kisha mashine ya kukoboa. Nyingi zinazouzwa huanzia jarubani na kuishia jarubani, na mgeni huondoka bila kujua kwa nini bili ya umeme ndiyo inayomkosesha mkulima wa hapa usingizi. Pitia ofisi ya mradi kwanza uombe ruhusa ya kuona pampu. Usimwachie mwongozaji akuambie "baadaye".

Swali la kuuliza kwa simu kabla ya kulipa ni moja: wiki hii mpunga uko wapi? Mbegu hulowekwa siku moja, hufunikwa siku mbili hadi ichipue, kisha hukaa kitaluni wiki tatu hadi nne. Ndipo miche hupandikizwa, nafasi ya sentimita 20 kwa 20, na tangu kusia mbegu hadi kuvuna hupita miezi minne hadi mitano kutegemea aina. Wiki ya kupandikiza ndiyo bora kwa mgeni, ikifuatiwa na ya kuvuna na kupura. Kati ya hizo utaona kijani kizuri na hakuna kinachofanyika. Maji yakishatolewa, wiki mbili hivi kabla ya kuvuna, na baada ya mavuno, ardhi hukauka na kupasuka. Kwa kuwa maeneo tofauti ya mradi hayapandi siku moja, mwongozaji mwenye bidii anaweza kukuonyesha hatua mbili au tatu kwa ziara moja. Mvivu hukupeleka kwa shamba la shemeji yake.

Mpunga unapoanza kujaza maziwa, kazi kubwa ni kuamia ndege. Kwelea huja kwa makundi makubwa. Mwanzoni mwa mwaka 2023 walivamia mashamba ya mpunga ya kaunti ya Kisumu hadi ikabidi dawa inyunyizwe kutoka angani. Ukikuta vijana na makopo na kombeo, usiwasimamishe kwa mazungumzo. Kila dakika wanayokupa, ndege wanakula.

Na hili la wageni kuomba "kujaribu kupanda kidogo" lina adabu zake. Wanaopandikiza ni vibarua wanaolipwa kwa kipande, na mstari wako uliopinda watalazimika kuurudia. Piga hodi kwa mwenye shamba, salimia mzee au mama kabla ya kukanyaga tuta, omba pembe moja ndogo, na ulipe muda wao. Picha pia huombwa.

Viatu: gambuti ndefu. Udongo mweusi wa Kano hunata hadi viatu vya raba vinabaki chini mguu ukitoka. Na kuna sababu kubwa zaidi, kichocho. Konokono wanaokibeba wako ziwani na kwenye mifereji, na vijidudu hupenya ngozi ndani ya dakika chache. Kujifuta kwa taulo si kinga ya kutegemea. Kwa hiyo usishuke botini kwa kutembea majini, subiri ubao. Ukilowa, pima baada ya wiki sita hivi, si kesho yake, maana mapema kipimo hakioni kitu. Dawa yake, prazikwanteli, hupatikana. Malaria nayo ipo mwaka mzima ukanda huu, hasa kwa wanaolala karibu na mashamba. Machi hadi Mei Nyando hufurika, na ziara ya shamba inaweza kufutwa asubuhi hiyohiyo. Patana mapema kuhusu kurudishiwa pesa.

Ukitaka kununua mchele, nunua kinuni baada ya kuona ukikobolewa. Kilo 100 za mpunga hutoa mchele wa kilo 60 hadi 65, kwa hiyo bei inayoshuka chini ya hesabu hiyo ina mchanganyiko ndani. Ng'ata punje: ikikatika kwa mlio imekauka, ikibonyea itaota ukungu kabla ya mwezi kuisha. Pishori ya Mwea, ule mchele wenye harufu nzuri, usiitafute hapa, ingawa kuna wachuuzi wa kando ya barabara watakaokuuzia gunia lenye jina hilo. Chukua mchele wa hapa kwa jina lake. Hauna harufu ile, lakini hujaa sufuria, na kwa ngege wa nyanya hauna mpinzani.