Seti ya shafti ya rafadha ya milimita 4: chuma kizuri, maelekezo hayatoshi

Seti hii niliinunua kwa ajili ya boti ya mfano ya kuvuta meli, yenye bodi ya fiba na urefu wa sentimita 80. Ndani ya pakiti mna shafti ya chuma kisichoshika kutu, bomba la shaba la milimita 250 lenye bushi (kijipete ambamo shafti huzungukia) kila upande, washa mbili na nati ya kukazia rafadha.

Shafti yenyewe ni safi. Niliiviringisha juu ya kioo cha dirisha na sikuona mwanga ukipenya chini yake, maana iliyopinda hata kidogo hudundadunda hapo hapo. Bushi ya upande wa tezi, yaani nyuma ya boti, imeshika sawasawa, lakini ya ndani ilikuwa ikicheza, nami nikalazimika kuibadilisha.

Lawama yangu kubwa ni karatasi ya maelekezo, inayosema toboa, gandisha, unganisha mota, basi. Haigusii kabisa suala la kunyoosha mstari, ilhali mota na shafti zikipishana, krosi inayoziunganisha hupiga kelele, hula betri bure na kuchakaza bushi. Mimi nilirefusha tundu la bodi kwa tupa ili bomba lipate nafasi ya kusogea, nikaondoa krosi na kuunganisha mota na shafti kwa kipande cha bomba kilichonyooka, kisha nikazungusha kwa mkono mpaka mahali palipokuwa pakikwama pakaachia. Hapo ndipo nilipokaza kitako cha mota na kupaka epoksi kwenye bomba, ambalo nilikuwa nimelikwaruza kwa msasa, kwa kuwa gundi haishiki vizuri shaba iliyo laini. Krosi niliirudisha kesho yake, gundi ilipokwisha kukauka.

Kasoro nyingine ni kwamba bomba halina kijibomba cha kupitishia grisi, hivyo kila unapotaka kuongeza grisi huna budi kuchomoa shafti nzima. Kwa bei yake, kingepaswa kuwemo. Urefu wake, hata hivyo, umenifaa sana, kwani mdomo wa ndani umekaa juu ya usawa wa maji.

Kwa boti ya ukubwa huu ningeinunua tena. Baada ya nusu saa ya mwendo bwawani nilifungua sitaha, nikapitisha karatasi laini chini ya mdomo wa bomba, ikatoka kavu.