The Hitchhiker's Guide to the Galaxy, kitabu na gemu lake: uzoefu wangu na maoni ya watu wa kwetu Dodoma

Anza na kitabu, gemu lifuate. Nalisema mapema kwa sababu binamu yangu alianza na gemu, akajikuta kwenye chumba chenye giza, mhusika anaumwa kichwa, hakuna hata picha moja ya kutazama, akanirudishia simu na kusema, "Dada, hiki ni nini sasa?" Aliyesoma kitabu anajua yuko chumbani kwa nani, na anajua kuna nini nje ya dirisha.

Nje kuna katapila. Arthur Dent, Mwingereza wa kawaida kabisa, anaamka asubuhi na kukuta nyumba yake inataka kubomolewa ili ipite barabara ya mchepuko. Analala kwenye tope mbele ya katapila. Msimamizi wa kazi anamwambia kwamba ramani zilibandikwa muda mrefu, angeweza kwenda kutoa pingamizi. Ni kweli zilikuwepo: chini kabisa ya jengo, mahali pasipo na taa wala ngazi, ndani ya kabati lililofungwa kwa ufunguo, kabati lenyewe limo kwenye choo kisichotumika, na mlangoni kuna tangazo la kuwatahadharisha watu kuna chui. Siku hiyohiyo viumbe wa anga waitwao Vogon wanakuja na kuiteketeza dunia nzima kwa sababu ileile, kupisha njia ya angani. Nao wanasema ramani zao zilibandikwa kwa miaka 50 kwenye ofisi ya Alpha Centauri, nyota ambayo mwanga wake huchukua zaidi ya miaka minne kutufikia.

Mwandishi wake, Mwingereza Douglas Adams, aliiandika hadithi hii kwanza kama mchezo wa redio wa BBC ulioanza kurushwa tarehe 8 Machi 1978, kitabu kikafuata mwaka 1979. Lakini sura ile ya kwanza mtu wa Dodoma anaisoma kwa macho mengine. Hapa tumeuona mji ukihamishiwa Serikali, tumeona Mtumba ikigeuka kutoka pori kuwa maofisi, na barabara ya mzunguko wa nje yenye kilomita 112.3 ikipita Nala, Veyula, Ihumwa na Matumbulu. Alama ya X nyekundu ukutani hatuhitaji kuelezwa.

Baba mkubwa wangu alifanya kazi ya upimaji ardhi maisha yake yote. Jioni moja, tumekaa barazani, nilimsimulia sura hiyo kwa Kiswahili, na nilitegemea acheke kwenye habari ya choo na chui. Hakucheka. Alisikiliza hadi mwisho, akauliza, "Huyo bwana alilipwa fidia?" Nikamwambia kitabu hakitaji fidia. "Na nyumba ilikuwa na hati?" Nikasema sijui, baba. Akatikisa kichwa, akamwonea Arthur huruma ya dhati. Nilipofika kwenye Alpha Centauri ndipo alipocheka, akacheka hadi akavua miwani, kisha akaniambia nimsomee tena pale Vogon anaposema ni uzembe wetu wenyewe kutofuatilia mambo ya mtaa wetu. Mimi naona hapo ndipo uwezo wa Adams ulipo. Vogon hawana chuki na mtu, wanafuata utaratibu tu. Kitabu kinasema wasingemwokoa hata bibi zao wenyewe na mnyama mkali bila amri iliyotiwa saini nakala tatu. Hasira unayoipata unaposoma ni ya kweli, na kicheko nacho ni cha kweli, vinakuja pamoja.

Si wote walikipenda. Mwalimu mwenzangu anayefundisha fizikia alisoma hadi mwisho na bado ana malalamiko yake: matukio yanaangukiana bila sababu. Arthur na rafiki yake Ford, waliodandia chombo cha Vogon dunia ilipoteketezwa, wanatupwa nje ya chombo hicho, kwenye utupu ambako kitabu chenyewe kinasema unaweza kuishi sekunde 30 ukivuta pumzi ndefu, na wanaokolewa sekunde ya 29 na chombo kilichopita hapohapo. Yeye anaita huo ni udanganyifu wa mwandishi. Nilimwonyesha kwamba chombo hicho, Heart of Gold, kinaendeshwa na mtambo unaotumia mambo yasiyoelekea kutokea, na uwezekano wa kuokolewa kwao umetajwa kwa hesabu: mbili ikipandishwa kwa kipeo cha 276,709 dhidi ya moja. Namba hiyo 276709 ni namba ya simu ya nyumba ya Islington, London, ambako Arthur alikutana na msichana kwenye sherehe, na msichana huyo ndiye anayemkuta ndani ya chombo. Adams aliupanga mzaha wake kwa uangalifu mkubwa. Mwalimu hakubadili msimamo, ila namba ile aliiandika pembeni ya daftari lake.

Msichana huyo, Trillian, ndiyo lawama yangu kubwa kwa kitabu. Ni msomi wa hisabati na fizikia ya anga, mwenye akili kuliko wanaume wote waliomo chomboni, na mwandishi hampi kazi. Anabonyeza vitufe, anawatuliza wengine, basi. Shemeji yangu aliyesoma baada yangu aliliona hilo kabla sijamwambia, na tulikubaliana kwamba ni hasara kwa hadithi yenyewe, maana kila anapopewa nafasi ya kusema neno, ukurasa unachangamka. Roboti Marvin, mwenye huzuni isiyokwisha, amepewa nafasi kubwa kuliko yeye, ingawa nakiri vijana wa nyumbani walimpenda Marvin kuliko mhusika yeyote. Habari ya namba 42, jibu la kitabu kwa swali kuu la maisha, siigusi, wengi mmeshaisikia.

Sasa gemu. Lilitoka mwaka 1984, limetengenezwa na kampuni ya Infocom ya Massachusetts, Marekani, na Adams mwenyewe aliliandika akishirikiana na Steve Meretzky. Ni maandishi matupu. Unasoma unachokiona, unaandika unachotaka kufanya kwa Kiingereza kifupi, kama "take gown", na gemu linakujibu. BBC waliliweka mtandaoni mwaka 2004, wakalitoa upya 2014 kwa kuadhimisha miaka 30. Kwa kuwa asili yake ni maandishi, ni jepesi, na sisi tulicheza sebuleni kwenye kompyuta moja, mmoja anaandika, wengine wanapiga kelele nini kiandikwe. Hivyo ndivyo ninavyopendekeza lichezwe. Ukiwa peke yako linachosha.

Sehemu iliyotushika hasa ni mashine ya samaki. Uko ndani ya chombo cha Vogon na unamhitaji samaki anayeingia sikioni ili uelewe lugha zote. Unabonyeza kitufe, samaki anaruka, anapotelea kwenye tundu ukutani. Unatundika gauni lako kwenye ndoano kuziba tundu: samaki anateleza kwenye gauni na kutumbukia kwenye mfereji wa sakafuni. Unafunika mfereji kwa taulo: roboti la usafi linatokea, linamdaka na kukimbia naye kwenye kijimlango. Unaweka mkoba mbele ya kijimlango: roboti linaugonga, samaki anarushwa juu, na roboti jingine dogo linalosafisha sehemu ya juu ya chumba linamnyaka. Hapo sebule nzima ililalamika kwa sauti moja. Dawa yake ni rundo la barua za matangazo, ulitandaze juu ya mkoba ili zikirushwa roboti la juu lishughulike nazo. Na barua hizo zilikuwa barazani kwa Arthur, kabla dunia haijateketezwa. Binamu ndiye aliyezikumbuka, akarukaruka kama aliyefunga goli. Infocom waliwahi hata kuuza fulana za kujivunia kumpata samaki huyo.

Nilipenda sana pia vitu unavyobeba. Kimo kitu ulichopewa na shangazi yako usichokijua ni nini, ukikitupa kinarudi mwenyewe, na kinaweza kubeba vitu vingi kuliko ukubwa wake. Kwenye orodha ya mali zako imeandikwa pia kwamba una "no tea", yaani kutokuwa na chai ni kitu umekishika, na mbele huko utatakiwa kuwa na chai na kutokuwa nayo kwa wakati mmoja. Kitabuni unamwona Arthur akisumbuliwa na mambo yasiyo na kichwa wala miguu. Kwenye gemu unasumbuliwa wewe, na inabidi uanze kufikiri kwa namna ya mambo hayohayo ili utoke. Sijaona gemu jingine lililobeba roho ya kitabu namna hii.

Ubaya wake ni mkubwa vilevile. Usipookota kitu mapema, unaweza kukwama baadaye bila kuambiwa sababu. Kuna mahali gemu linakudanganya waziwazi, linasema huwezi kwenda upande fulani na kumbe unaweza. Nusu ya pili ni ngumu kupita kiasi, tukalazimika kutafuta majibu. Halafu linaisha ghafla, pale tu unapokanyaga sayari ya Magrathea, ambayo kitabuni ndiyo kwanza mambo yananoga. Shemeji alikasirika kabisa, na sikuwa na la kumtetea Adams.

Kitabu nakipa nyota tano kasoro moja ya Trillian. Gemu nalipa tatu, nne kama mko wengi. Kiingereza cha kidato cha nne kilichokaa vizuri kinatosha kwa kitabu. Kwenye gemu awepo mmoja anayeandika bila kukosea herufi. Na kabla hamjabonyeza kitufe cha mashine ya samaki, andikeni SAVE, maana samaki waliomo ndani ni wa kuhesabu, wakiisha mnarudi mwanzo.