GeoGebra CAS kwa mwanafunzi anayeanza milinganyo sahili

GeoGebra, programu iliyoasisiwa na Markus Hohenwarter huko Salzburg, Austria, mwaka 2001, inafahamika zaidi kwa michoro ya jiometri, lakini sehemu yake ya aljebra, iitwayo CAS, ndiyo ambayo ningependa mwanafunzi wa kidato cha kwanza aifungue kwanza.

Ukiandika (3x + 5 = 20) - 5, programu hutoa 5 katika pande zote mbili na kukuletea 3x = 15; ukigawanya mlinganyo huo mpya kwa 3, unapata x = 5. Wengi wetu tulifundishwa "kuvusha" namba ng'ambo ya alama ya sawasawa na kuigeuza kutoka jumlisha kuwa toa, pasipo kuelezwa sababu, ilhali hapa hakuna kuvusha: kila tendo sharti litajwe, nalo hufanyika pande zote. Ninachokithamini zaidi ni kwamba programu haimzuii mwanafunzi aliyechagua tendo lisilomfaa. Akijumlisha 5 badala ya kuitoa, ataletewa 3x + 10 = 25, mlinganyo ambao ni wa kweli kama ule wa awali, ila x imezidi kuwa mbali, na kosa la mbinu ataliona mwenyewe.

Amri ya Solve, inayotoa jibu papo hapo, afadhali itumike kusahihishia tu. Tena kwa mlinganyo kama 2(x + 3) = 2x + 7 huleta mabano matupu, {}, bila maelezo kwamba hakuna namba inayoutosheleza, na asiye na mwalimu karibu anaweza kudhani simu imekwama. Michoro nayo inasaidia: y = 3x + 5 na y = 20 hukutana kwenye nukta (5, 20), ingawa kwenye simu huna budi kusogeza mchoro kwanza.

Mafumbo ya maneno ni suala jingine. Ikiwa daftari tatu za bei moja pamoja na kalamu ya shilingi 500 zimegharimu shilingi 3,500, kutunga 3x + 500 = 3500 kunabaki kazi ya mwanafunzi, na hapo ndipo wengi hukwama, si kwenye ukokotoaji. (Elfu ziandikwe bila mkato, kwa kuwa programu huutumia kutenganisha vitu.)

Kwa matumizi yasiyo ya kibiashara haina malipo, na ikishapakuliwa kwenye simu hufanya kazi bila intaneti.