L'Anse aux Meadows: kijiji cha Waviking kinachotaka macho yenye subira

Anayekwenda L'Anse aux Meadows, ncha ya kaskazini ya kisiwa cha Newfoundland nchini Kanada, akitegemea magofu ya mawe atarudi ananung'unika. Majengo manane ya Waviking, mabaharia wa kale kutoka Skandinavia, yalichimbuliwa, yakapimwa, kisha yakafukiwa tena yasiharibiwe na hewa na baridi. Kinachoonekana leo ni matuta ya nyasi yasiyofika goti. Ukianza na matuta, umeharibu ziara.

Anza kwenye kituo cha wageni. Tafuta vitu vitatu vidogo ambavyo wengi huvipita. Pini ya shaba nyeusi ilifunga joho begani. Kijiwe chenye tundu kilizungusha kijiti cha kusokotea sufu, kazi iliyokuwa ya wanawake. Basi hawakuja wanaume peke yao. Cha tatu ni njugu za jamii ya walnati, na hizo ndizo zenye uzito kuliko vyote. Mti wake hauoti Newfoundland. Hupatikana kusini zaidi, upande wa New Brunswick, kunakoota pia zabibu mwitu. Maana yake waliokaa hapa walikuwa wakishuka kusini kwa mashua na kurudi, na ile sifa ya Vinland, nchi ya magharibi inayotajwa katika masimulizi yao ya kale, kuwa nchi ya zabibu haikutoka hewani.

Kutoka hapo fuata njia ya mbao. Nyumba kubwa kuliko zote ilikuwa na urefu wa karibu mita 29, ikiwa na vyumba kadhaa na mahali pa kutengenezea mashua. Karibu na matuta zimejengwa nyumba za mfano: kuta za mabonge ya udongo wenye nyasi, nene zaidi ya mita moja, fremu ya mbao ndani, paa la nyasi juu. Wahudumu waliovaa mavazi ya enzi hizo wanajua kazi yao. Usiwaulize habari za vita. Waulize namna ya kusokota uzi, kupika, na kuzuia ukuta usinyonye maji, utaelezwa hadi uchoke.

Karakana ya mhunzi iko ng'ambo ya kijito, mbali na makazi, jambo la busara kwa watu wanaolala chini ya mbao na nyasi. Madini ya chuma yalichotwa kinamasini, yakakaushwa na kuchomwa, kisha yakatiwa tanurini pamoja na makaa. Kazi yenyewe haikuwa ya ustadi mkubwa: chuma kingi kilibaki ndani ya mavi ya chuma, na kilichopatikana kinakadiriwa kuwa kilo 3 tu, za kutosha misumari na ribiti za kukarabati mashua.

Maelezo ya tarehe yanafaa kusomwa pole pole. Mwaka 993 dhoruba ya mionzi kutoka angani iliacha alama katika pete za miti duniani kote. Watafiti waliikuta alama hiyo katika vipande vya miti mitatu tofauti iliyokatwa kwa zana za chuma, wakahesabu pete 28, moja kwa kila mwaka, hadi kwenye gome, wakapata kuwa ilikatwa mwaka 1021.

Kasoro kubwa ni habari za Leif Eriksson, baharia anayesimuliwa kuwa alifika Vinland. Wageni wengi huondoka wakiamini wameiona nyumba yake, na hakuna anayewasahihisha kwa nguvu. Hakuna kitu kilichochimbuliwa hapa chenye jina lake. Masimulizi ya kale yanasema Leif alikaa majira moja ya baridi akarudi Greenland, na wasafiri waliomfuata, Thorfinn Karlsefni na mkewe Gudrid, ndio waliokuja na mifugo wakitaka kuhamia. Mazizi hayakupatikana. Kwa hiyo hii ilikuwa kambi ya kupitisha baridi na kutengenezea mashua, si shamba la walowezi, na bango moja kubwa lenye maneno hayo lingesaidia.

Msimu ni Juni hadi mwanzo wa Oktoba. Kutoka uwanja wa ndege wa Deer Lake barabara namba 430 ni zaidi ya kilomita 400. Usiiendeshe jioni: muusi, wanyama wakubwa wa jamii ya kulungu, hujitokeza ghafla barabarani, na gari ndogo humwangusha mnyama juu ya kioo cha mbele. Jaza mafuta na ulale St. Anthony, mji ulio karibu. Beba koti la kuzuia upepo hata Julai.

Norstead, kijiji cha maonyesho kilicho jirani, kina tiketi yake. Kivutio chake ni Snorri, mfano wa chombo cha mizigo uliovuka kutoka Greenland mwaka 1998 baada ya usukani kuukwamisha mwaka uliotangulia. Mwenye saa mbili tu aache Norstead, abaki na matuta.