Tathmini ya Scratch: inavyomfundisha mtoto kompyuta, na inavyomlinda

Kwa muda mrefu nilikuwa mzito kuikubali programu yoyote inayojinadi kuwa ya kufundishia watoto, kwa kuwa nyingi kati ya hizo ni michezo iliyovikwa joho la elimu: mtoto hubofya, nyota humwagika, kengele hulia, na saa inapokwisha hakuna alichojifunza zaidi ya kubofya. Scratch, programu ambayo mtoto huitumia kuandika programu zake mwenyewe za kompyuta, na ambayo kikundi cha Mitchel Resnick katika MIT Media Lab, maabara ya chuo kikuu nchini Marekani, kiliitoa kwa umma mwaka 2007, si ya aina hiyo. Nimeitumia na mwanangu wa darasa la nne kwa muhula mzima, tukianza bila intaneti na kuishia ndani ya jumuiya yake ya mtandaoni, na nimeikagua kwa maswali mawili: je, inafundisha kompyuta kweli, na je, inamlinda mtoto anapokutana na watu asiowajua?

Kwa swali la kwanza sina shaka. Amri zote zimewekwa katika vipande vya rangi, buluu kwa mwendo, zambarau kwa mwonekano, manjano kwa matukio, na mtoto huviburuta na kuvipachika kimoja chini ya kingine. Visivyooana havishikani. Kwa hiyo yale makosa ya mkato na mabano, ambayo humvunja moyo hata mtu mzima anayeanza kuandika programu, hayapo kabisa, na kinachobaki ni makosa ya kufikiri, ambayo ndiyo hasa tunayotaka mtoto akabiliane nayo.

Nitoe mfano mmoja. Mwanangu alitaka yule paka anayemkuta kila anayefungua programu achore mraba, basi akaongeza kalamu kutoka kwenye viendelezi, yaani vipande vya ziada, akamwamuru paka aende hatua 100 na kugeuka digrii 90, kisha akavizungushia kipande cha kurudia mara 4. Mraba ukatoka. Akabadilisha 4 kuwa 3 akitarajia pembetatu, akapata mraba uliokosa ukuta mmoja. Akakumbuka kwamba shuleni wamefundishwa kuwa pembe za pembetatu yenye pande sawa ni digrii 60, akaandika 60, na paka akachora nusu ya umbo la pembe sita. Nilijizuia nisimwambie jibu, na kujizuia huko ndiko kulikuwa kazi ngumu kuliko zote. Mwishowe alisimama, akatembea mwenyewe sakafuni akigeuka kila kona, akarudi na kuandika 120, kwa maana alikuwa amegundua kwamba anayetembea juu ya mstari hageuki kwa pembe ya ndani bali kwa ile ya nje. Sijaona ukurasa wa kitabu cha hisabati unaoweza kumfikisha mtoto hapo kwa njia hiyo.

Programu imekusudiwa watoto wa miaka 8 hadi 16. Walio wadogo zaidi wana ScratchJr, isiyodai kusoma. Haina malipo, na Kiswahili kimo katika orodha yake ya lugha, ingawa mazungumzo ya jumuiya kwa sehemu kubwa ni ya Kiingereza.

Swali la pili linahitaji maelezo marefu zaidi. Walioiunda wamefikiria usalama kwa makini, na hili linaonekana katika mambo ambayo mtumiaji wa kawaida hawezi kuyatambua mara moja. Hakuna ujumbe wa faragha: maoni yote huandikwa hadharani, hivyo mgeni hana mahali ndani ya tovuti pa kumvuta mtoto pembeni. Vibadilika, yaani visanduku vya kutunzia thamani kama alama za mchezo, vinapohifadhiwa kwenye seva ya tovuti hupokea tarakimu tu, na hivyo si rahisi kuvigeuza kuwa chombo cha kupigia soga. Mradi hubaki wa siri hadi mwenyewe abonyeze kitufe cha kuushirikisha, na anayejisajili huelekezwa asitumie jina lake halisi.

Hata hivyo, ulinzi huo unaishia pale vidole vya mtoto vinapoanzia. Sehemu ya kuchagua mavazi ya wahusika ina kamera, na sehemu ya sauti ina maikrofoni. Vyote viwili ni vyema kwa ubunifu, lakini maana yake ni kwamba mtoto anaweza kuweka uso na sauti yake ndani ya mradi bila kuandika herufi hata moja, na kila mzazi anajua kwamba neno lililoandikwa ni rahisi kulichuja kuliko sauti iliyorekodiwa. Tena, mradi uliokwisha kushirikishwa huonekana na yeyote, mwenye akaunti na asiye nayo, na leseni yake inawaruhusu wengine kuunakili na kuubadilisha. Mtoto akiufuta wa kwake, nakala za wengine zinabaki. Kuhusu hesabu ya mioyo, nyota na watazamaji inayowekwa chini ya kila mradi, binafsi ningeifurahia zaidi kama isingekuwepo, kwa sababu inamfundisha mtoto kuhesabu sifa kabla hajajifunza kuipima kazi yake.

Kwa sababu hizo, ushauri wangu kwa mzazi au mwalimu ni kuanza na toleo linalopakuliwa, ambalo hufanya kazi bila intaneti na kuhifadhi miradi ndani ya kompyuta au kishikwambi chenyewe. Akaunti ifunguliwe baadaye, kwa barua pepe ya mtu mzima, mtoto akiwa ameketi karibu na kueleza mwenyewe kwa nini jina la mtumiaji halipaswi kubeba ukoo wala mwaka wake wa kuzaliwa.

Nyumbani kwetu tumewekeana sharti kwamba kabla ya kitufe kubonyezwa, tunautazama mradi mzima pamoja, sauti ikiwa imefunguliwa, tukitafuta uso, jina na mahali. Kati ya miradi 11 aliyoimaliza mwanangu, miwili imetoka. Wa tatu umekwama tangu juzi, kwa kuwa alikataa kuiondoa picha ya mandhari aliyoipiga mwenyewe, na nyuma ya paka nembo ya shule yake inasomeka herufi kwa herufi.