Fish River kwa miguu: tathmini ya kifurushi kinachouzwa Mombasa

Wakala mmoja wa safari mwenye ofisi katikati ya jiji la Mombasa amekuwa akiuza kifurushi cha kutembea kwa miguu katika korongo la Fish River, kusini mwa Namibia. Kwa kuwa wengi wetu huku Pwani tumezoea matembezi ya Shimba Hills na, tukijikaza sana, Kilimanjaro, nimeona ni vyema nieleze kwa kina kile anachokipata mteja kwa fedha zake. Jina la wakala nimeliacha kwa makusudi. Kauli yangu ni kwamba njia yenyewe inastahili gharama na taabu yote, ila sehemu kubwa ya kifurushi ni vitu ambavyo mtu anaweza kujitafutia mwenyewe kwa bei nafuu, na vingine havihitaji hata kidogo.

Korongo hilo lina urefu wa takriban kilomita 160, upana wake hufikia kilomita 27, na kina chake ni karibu mita 550. Watembeaji hawalimalizi lote. Hushuka karibu na kambi ya Hobas na kutokea kituo cha mapumziko cha Ai-Ais, mwendo wa kilomita 85 hivi, ambao kwa kawaida huchukua siku nne au tano. Katika masafa hayo yote hakuna kambi iliyojengwa, hakuna choo, hakuna duka, na mtu hulala mchangani kando ya mto pale magharibi inapomkuta. Njia hufunguliwa tarehe 1 Mei na kufungwa tarehe 15 Septemba, kwa sababu katika miezi mingine joto la bondeni hupita nyuzi 40, na mvua ikinyesha mbali huko juu mto unaweza kufurika ghafla pasipo wingu hata moja juu ya kichwa chako. Namibia Wildlife Resources, shirika la serikali linalosimamia Hobas na Ai-Ais, haliruhusu kundi la watu wasiofika watatu wala mtoto wa chini ya miaka 12, na kila mtembeaji hutakiwa kuonyesha cheti cha daktari kinachothibitisha kwamba afya yake inaimudu safari.

Malalamiko yangu ya kwanza yanahusu cheti hicho hicho. Wakala ameorodhesha uchunguzi wa afya kama huduma yake na kuutoza ada nono, ilhali ni fomu ambayo daktari anayekutibu siku zote anaweza kuijaza kwa ada ya kawaida ya kumwona.

Vifaa vya kukodisha navyo vilikuwa mchanganyiko. Mikoba ya mgongoni ilikuwa mizuri kweli: mkanda wake wa kiunoni ni mpana, una sifongo nene, na ukikazwa barabara juu ya mifupa ya nyonga hubeba sehemu kubwa ya uzito, mabega yakabaki na kazi ndogo tu ya kuuzuia mzigo usiyumbe. Mifuko ya kulalia, kinyume chake, ingemfaa mtu anayelala ufuoni Diani mwezi wa Februari. Usiku wa Julai katika jangwa lile unaweza kushuka hadi nyuzi 5 hivi, na sisi tuliozoea kulala huku panka inazunguka tuliusikia ubaridi huo hadi kwenye meno. Kilichotuokoa ni makoti mazito tuliyoyachambua wenyewe katika mitumba ya Kongowea kabla ya kuondoka, tena kwa bei ambayo haikufika hata nusu ya ada ya kukodi mfuko mmoja. Kuhusu mitungi ya gesi ya jiko, sina namna ya kulieleza jambo hili kwa upole: wakala alituuzia mitungi hapa hapa Mombasa, ingawa mitungi hiyo hairuhusiwi kupakiwa ndegeni, si kwenye mzigo wala mkononi, na ikazuiwa uwanjani kama ilivyotazamiwa na kila mtu isipokuwa yeye. Tulinunua mingine Keetmanshoop, mji wa mwisho wenye maduka ya maana kabla ya Hobas.

Safari ya gari kutoka Windhoek hadi Hobas ni zaidi ya kilomita 600, na gari tulilopewa lilikuwa safi, likafika kwa wakati, na dereva hakuwa na pupa. Hapo sina la ziada.

Kushuka bondeni huanza kwa mteremko mkali ulio na minyororo ya kushikilia sehemu za juu, na ni mteremko unaolipisha magoti. Chini kabisa wengi hudhani kazi ngumu imekwisha, kumbe ndiyo inaanza, kwa sababu kilomita 15 hivi za mwanzo, hadi Palm Springs, ni za kupanda na kushuka mawe ambayo mengine ni makubwa kuliko tuktuk, na kati ya mawe hayo kuna mchanga laini unaomeza buti hadi kwenye kamba. Mkongojo si anasa hapo. Wakala ametoa mkongojo mmoja kwa kila mtu. Mimi ningedai miwili.

Palm Springs maji hutoka ardhini yakiwa na joto la karibu nyuzi 57, yakinuka salfa, nawe huna budi kutafuta mahali yanapochanganyika na maji ya mto ndipo uweze kutumbukiza miguu. Pamesimama mitende, na husimuliwa kwamba ilichipuka kutokana na kokwa zilizotupwa na Wajerumani waliotoroka kifungoni wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia. Mbele zaidi lipo kaburi la luteni von Trotha, afisa wa Kijerumani aliyeuawa 1905 wakati Wanama, wenyeji wa kusini mwa Namibia, walipoinuka kuupinga utawala wa kikoloni. Kijikaratasi cha wakala kinamsifu marehemu kwa mistari mingi na kuwataja Wanama kwa mstari mmoja. Mtu wa Pwani anayezijua habari za Bushiri na Wajerumani kule Pangani hatakosa kulitambua pengo hilo.

Kiongozi wetu, Mnama kutoka Keetmanshoop, ndiye aliyeubeba msafara. Alizijua njia za mkato zinazokata pembe za mto, alijua dimbwi lipi lina maji mazuri na lipi limekwisha kuoza, na ndiye aliyebeba simu ya setilaiti, kwani simu za kawaida hazishiki bondeni. Kila jioni alihakikisha vyakula vyote vimefungwa ndani ya mikoba, maana nyani wa huko hawana haya. Kwa sababu hiyo hiyo nawashauri wanaopenda ng'onda wamwache nyumbani, harufu yake ni mwaliko.

Chujio la maji lilifanya kazi vizuri, lakini tope laini la mto huliziba upesi. Tulilikunja leso mara nne, tukayapitisha maji humo kwanza na kuyaacha yatulie sufuriani, ndipo tukayatia kwenye chujio, na tangu hapo halikusumbua tena.

Chakula ndicho kilichonikera zaidi, kwa sababu wakala anaujua mji anaofanyia biashara. Pakiti za nyama iliyokaushwa hazikuwa na alama ya halali wala maelezo ya kutosha, na alipoulizwa akajibu kwamba wateja wengine hawajawahi kulalamika. Wenzangu na mimi tulizirudisha kabla ya kuondoka, naye hakurejesha fedha. Tulibeba tende, kashata za njugu, mchele, dengu, unga wa uji, kahawa na tangawizi ya kusaga. Kashata zilitufaa kuliko vyote: haziharibiki kwa joto la mchana, na asubuhi ya baridi, pamoja na kahawa chungu, humtia mtu nguvu ya kuanza mwendo kabla jua halijafika chini ya genge. Kwa wanaouliza kuhusu swala, kibla kutoka huko ni kaskazini ikielekea mashariki kidogo, nasi tulitawadha kwa maji ya mto bila shida.

Ai-Ais kuna bwawa la maji ya moto, bafu na mkahawa, na kifurushi kinajumuisha usiku mmoja hapo, jambo ambalo ni la haki kabisa.

Kwa hiyo naipa njia nyota tano, kiongozi nyota tano, usafiri nne, na vifaa pamoja na chakula mbili. Ukimwuliza ana kwa ana, wakala hukubali kuuza usafiri, kiongozi na nafasi ya njia pekee, ingawa bei hiyo haimo kwenye matangazo yake; omba iandikwe kwenye stakabadhi kabla ya kulipa arubuni, tena mapema, kwa kuwa nafasi za Juni na Julai huwahiwa.